Zulia au Mbao: Ngazi ya Nyumba Huamuliwa Kabla ya Zege

Nyumba nyingi za ghorofa moja zinazojengwa siku hizi pembezoni mwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hufika mahali pamoja: kuta zimepigwa plasta, madirisha yamewekwa, nyaya za umeme zimevutwa, na kando ya sebule inasimama ngazi ya zege tupu, yenye vumbi la saruji na alama za mbao zilizolishikilia zege lilipokuwa bichi. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoulizwa na fundi kama ngazi itavalishwa zulia au mbao. Swali huja mwishoni, fedha zikiwa zimepungua na hamu ya kuhamia ikiwa imezidi, na kwa kawaida hujibiwa kwa macho tu: kipi kinapendeza, kipi kinaendana na makochi, kipi kilionekana kwenye picha ya nyumba ya mtu mwingine. Nimeishi kwenye nyumba za aina zote mbili, na nimeona ndugu zangu wakijutia uamuzi wa upande huu na wa upande ule. Ninachoamini ni kwamba kwa nyumba ya pwani ngazi ivalishwe mbao, na zulia, kama linahitajika, liwe kipande chembamba kinachoweza kutolewa na kuanikwa juani. Naamini pia kwamba uamuzi huo hauna budi kufanywa kabla zege halijamwagwa.

Najua kwamba wapo wengi wasiochagua kati ya hivi viwili, ambao huendeleza vigae vya sakafuni hadi kwenye ngazi kwa sababu fundi yupo na maboksi yamebaki. Kigae laini kwenye ngazi inayokanyagwa na miguu yenye maji sikitetei hata kidogo, na sitakirudia tena hapa.

Kosa kubwa huzaliwa kwenye zege. Kila kidato cha ngazi kina vipimo viwili: kimo, yaani urefu wa kupanda kutoka kidato kimoja hadi cha pili, na kina, yaani nafasi ya kuweka unyayo. Katika karne ya 17 msanifu majengo wa Ufaransa, François Blondel, aliweka kanuni ambayo wasanifu huianzia hadi leo: vimo viwili ukivijumlisha na kina kimoja upate urefu wa hatua moja ya mtu anayetembea, ambao kwa vipimo vya sasa huwekwa karibu na sentimita 63. Chukua ngazi inayopanda mita tatu kasoro kidogo, yenye vimo 17 vya sentimita 17.5 kila kimoja, na vidato vyenye kina cha sentimita 28. Mara mbili ya 17.5 ni 35. Ongeza 28, unapata 63. Hiyo ni ngazi iliyopimwa vizuri, na fundi aliyeimwaga hivyo anastahili sifa yake.

Sasa valisha ngazi hiyohiyo mbao za unene wa sentimita 2.5 wakati sakafu ya chini na ya juu zimekwisha kukamilika. Vidato vya katikati havibadiliki, kwa kuwa vyote vimeinuka kwa kiasi kilekile. Lakini kidato cha kwanza, kinachopimwa kutoka sakafu ya chini, sasa kina kimo cha sentimita 20, na kimo cha mwisho, kinachofikia sakafu ya juu, kimebaki 15. Hiyo ni tofauti ya sentimita 5 ndani ya ngazi moja. Zulia nene pamoja na sponji yake likiongeza sentimita 1.5, vimo hivyo viwili vinakuwa 19 na 16. Kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani haziruhusu tofauti kati ya kimo kikubwa na kimo kidogo izidi sehemu tatu za nane za inchi, ambayo haifiki hata sentimita moja. Sababu yake ni mguu wenyewe. Mtu hutazama kidato cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo mguu umeshashika kipimo, na macho yanahamia kwa mtoto aliyebebwa, kwa sinia la chai, kwa simu. Kidato kimoja kikitoka nje ya kipimo, anayepanda hujikwaa kidole, na anayeshuka huweka uzito wake wote mahali ambapo sakafu haijafika.

Shangazi yangu anaishi Tanga katika nyumba ya namna hiyo. Alipohamia, ngazi yake ilikuwa imegandishwa zulia la kahawia, nene, lililofunika kila kidato kutoka ukuta hadi reli, na vigae vya sebuleni vilikuwa vimewekwa kabla. Alilipenda sana zulia lile mwaka wa kwanza. Kisha asubuhi moja, akishuka gizani baada ya sala ya alfajiri kwenda kuteleka chai, mguu wake ulikikosa kipimo cha kidato cha mwisho, akapiga goti na kukaa wiki tatu akitembea kwa kuegemea. Nilipomuuliza ilikuwaje, hakusema kwamba aliteleza. Alisema: "Mwanangu, niliitafuta sakafu sikuiona." Nilichukua futi nikapima, na kidato kile cha chini kilikuwa na sentimita 19 wakati vingine vyote vilikuwa na 17 na nusu. Tangu siku ile akawa kila akishuka anaweka kiganja ukutani mahali palepale, karibu na kidato cha mwisho, hadi rangi nyeupe ya ukuta ikatoka doa la kijivu lenye umbo la mkono wake.

Kisa hicho hakilishtaki zulia peke yake, kwa kuwa mbao nene ingezaa kosa hilohilo na kulikuza zaidi. Kinachoonyesha ni kwamba unene wa kile kitakachovalishwa ngazi, pamoja na unene wa sakafu ya chini na wa sakafu ya juu, ni tarakimu tatu ambazo fundi anapaswa kupewa kabla hajapiga mbao za kushikilia zege. Akijua kwamba ngazi itabeba mbao ya sentimita 2.5 na sakafu zitabeba kigae na saruji yake jumla ya sentimita 4, ataimwaga ngazi kwa hesabu hiyo na kila kimo kitatoka sawa. Asipojua, atamwaga sawa juu ya zege tupu, na kosa litajitokeza siku ya kuhamia.

Vipimo vikiwa sawa, swali la pili ni nani anayeipanda ngazi na akiwa amevaa nini. Katika nyumba zetu viatu huachwa mlangoni. Ngazi ya ndani hukanyagwa na miguu mitupu, na ndala za bafuni, na kwa watoto wa shule hukanyagwa na soksi. Mguu mtupu ulio mkavu hushika mbao vizuri sana. Soksi kwenye mbao iliyopakwa vanishi ya kung'aa ni hatari, na mguu uliotoka kutawadha ni hatari zaidi, kwa sababu matone machache ya maji juu ya vanishi laini huondoa mshiko wote. Familia inayosali hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku ikiwa na miguu yenye maji, na sehemu ya safari hizo hufanyika kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama. Sijaona mchoro wa nyumba uliozingatia jambo hilo, ingawa bafu huchorwa juu na sebule huchorwa chini.

Hapa zulia lina haki yake, na ni lazima ikubaliwe bila kinyongo. Zulia hukausha unyayo, hushika soksi, na mtu akianguka juu yake huumia kidogo kuliko akianguka juu ya ubao mtupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na kwamba kati ya vifo vya ajali ni ajali za barabarani pekee zinazozidi idadi hiyo. Si vyote hivyo ni vifo vya ngazini, lakini mwenye mzee au mtoto mdogo nyumbani hahitaji takwimu zaidi ili alichukulie jambo hili kwa uzito. Hata hivyo faida hiyo ni ya zulia fupi na lililoshonana. Zulia lenye manyoya marefu juu ya sponji nene hufanya kinyume: huuvimbisha ukingo wa kidato hadi ukawa mviringo, hupunguza nafasi ya kukanyaga, na anayeshuka huweka unyayo akidhani yupo juu ya kidato kumbe yupo juu ya uvimbe wa sponji. La shangazi lilikuwa la aina hiyo, na ndilo linalopendwa zaidi dukani kwa sababu mkono ukiligusa huona raha.

Ninachokiona kuwa kigumu zaidi kwa zulia lililogandishwa ni usafi. Sisi watu wa pwani tumekuwa na vitandikwa vya sakafuni tangu zamani: mkeka wa ukili, jamvi, busati, na mazulia yaliyoletwa na majahazi kutoka Uajemi na Bara Hindi. Vyote hivyo vilikuwa na tabia moja. Vilikunjwa, vikatolewa nje, vikakung'utwa, vikaanikwa, vikarudishwa ndani vikiwa vinanukia jua. Kuanika ndiyo dawa yetu ya unyevu, na kila mtoto aliyelelewa pwani anajua sauti ya busati likipigwa kwa fimbo asubuhi ya kabla ya Idi. Zulia lililogandishwa kwa gundi kwenye ngazi haliwezi kutoka nje. Litafagiliwa kwa ufagio unaorusha vumbi juu na kuliacha litue tena palepale, au litapitishwa mashine ya kunyonya vumbi, kama ipo na kama umeme upo, na kama anayefanya usafi ana muda wa kuinama kidato kwa kidato akiburuta mashine nyuma yake. Maji yakimwagika, hayana pa kwenda ila kwenye sponji.

Unyevu wa hewa ya pwani huongeza tatizo hilo. Utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula chembe za ngozi zinazotupukutika, havinywi maji kama sisi. Huyavuta kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu, chini ya asilimia 50 ya unyevu, hushindwa kuishi. Hewa yetu haishuki huko kwa muda wa kutosha, na zulia lenye chembe za ngozi na giza la manyoya ni makazi mazuri kwao. Kinyesi chao ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu na mafua ya mzio, na ngazi ndiyo njia ambayo kila mtu wa nyumba huipita akipumua kwa nguvu. Kwa nyumba yenye mtoto wa pumu, hoja hii peke yake inatosha kulikataa zulia la kugandishwa.

Picha zinazotushawishi kulipenda zimetoka kwenye nchi zenye sababu zao. Uingereza ngazi ya nyumba ya kawaida hujengwa kwa mbao laini ya misonobari, ambayo haikukusudiwa kuonekana wala kukanyagwa moja kwa moja. Zulia huifunika, huituliza sauti, na hupunguza baridi kwenye nyumba inayopashwa joto nusu ya mwaka. Hewa ya ndani huko wakati wa baridi huwa kavu, na nyumba nyingi zina mashine ya kunyonya vumbi. Kwa mtu anayejenga Njombe, Lushoto au Limuru, ambako miezi ya Juni na Julai sakafu huuma nyayo, sehemu ya sababu hizo inamhusu, na akichagua zulia fupi la kufunika ngazi nzima sitambishia sana. Ambaye simwelewi ni anayejenga Kigamboni au Nyali na kuiga ngazi ya mahali penye theluji.

Mbao nayo ina masharti, na anayeichagua bila kuyajua atajuta kwa gharama kubwa kuliko ya zulia. Sharti la kwanza ni ukavu. Mbao huvuta na kutoa unyevu kufuatana na hewa iliyoizunguka. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo mkazi wa pwani anaijua wakati wa masika, hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 50 hutulia kwenye karibu asilimia 9. Mbao iliyopasuliwa juzi inaweza kuwa na zaidi ya asilimia 30. Ukiipigilia kwenye ngazi ikiwa hivyo, itasinyaa ikiwa imeshikwa na skrubu, na kwa kuwa haina nafasi ya kusogea itapasuka au itapinda kama sahani. Fundi seremala mwenye kujali hununua mbao mapema, huzipanga kivulini kwa kutenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite, na huziacha miezi kadhaa, au hulipia tanuri la kukaushia. Kipimo cha umeme cha unyevu wa mbao kinatoshea mfukoni, na mwenye nyumba ana haki ya kumwomba muuzaji kipimo hicho kabla ya kutoa fedha.

Zege nalo lina maji yake. Kanuni ya mafundi wa sakafu ni siku moja ya kukauka kwa kila milimita ya unene, hadi milimita 50, na baada ya hapo mwendo huwa wa polepole zaidi. Ngazi ya zege ni nene kuliko hapo, kwa hiyo inahitaji miezi. Anayeivalisha mbao wiki ya tatu baada ya kuondoa miti ya kushikilia anaifungia mvuke chini ya ubao, na ubao utanywa maji upande wa chini huku upande wa juu ukiwa umezibwa na vanishi.

Sharti la pili ni aina ya mti na sehemu ya mti. Mninga umependwa kwa sababu ya kweli: ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana, na rangi yake ya dhahabu inayoelekea kahawia haihitaji kupakwa kitu. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, na ukingo wa kidato chake hauchakai upesi. Lakini miti hiyo hutoka kwenye misitu ya asili, na mninga huchukua karibu karne moja kufikia unene wa kuvunwa. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, mninga na mkongo wa Afrika viliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Hilo halimkatazi Mtanzania kuvalisha ngazi yake mninga uliovunwa kwa kibali, ila linatueleza hali ya msitu. Mimi ninautetea mtiki, ambao wazee wa pwani waliuita msaji. Unapandwa na kuvunwa kwa mpango Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na katika bonde la Kilombero. Una mafuta yake ya asili yanayoufanya ustahimili unyevu, na hautikiswi sana na mabadiliko ya hewa. Mbao za paini kutoka Sao Hill ni nzuri kwa kuezekea. Kwenye ngazi isiyo na zulia kisigino kitazibonyeza ndani ya mwaka.

Sehemu ya mti ni jambo ambalo wanunuzi wengi hudanganyika nalo. Ukienda Keko au kwenye karakana yoyote, ukageuza ubao wa mtiki au mninga upande wa kichwa, utaona mahali ambapo rangi iliyokolea inakutana na utepe mweupe. Rangi iliyokolea ni moyo wa mti, ambao mchwa na fukusi huuogopa. Utepe mweupe ni nyama ya nje, laini na tamu kwao, hata kama mti wenyewe una sifa kubwa. Mtiki uliovunwa mapema huwa na weupe mwingi, na muuzaji huweza kuupaka rangi ukafanana na moyo. Kucha ya kidole gumba ikizama kwenye weupe ule, usiuruhusu ufike kwenye ukingo wa kidato.

Sharti la tatu ni umaliziaji, na hapa ndipo mbao hupoteza hoja yake mbele ya zulia bila sababu. Ngazi ya mbao haipaswi kung'aa. Vanishi yenye mng'ao huakisi taa na dirisha, na mwanga huo hufuta mstari wa ukingo machoni mwa anayeshuka, hasa mzee ambaye macho yake yameanza kufifia. Vanishi isiyong'aa, iliyochanganywa na chembechembe za kuzuia utelezi kwenye sentimita tano za mbele za kila kidato, hushika hata unyayo wenye maji. Seremala anaweza pia kuchimba mifereji miwili au mitatu myembamba sambamba na ukingo, au kuweka hapo utepe wa mbao yenye rangi tofauti, ili jicho lijue kidato kinaishia wapi. Kazi hiyo haimchukui siku nzima, na sijui kwa nini huombwa na wachache.

Baada ya hapo, kama nyumba ina wazee, watoto au miguu mingi ya kutawadha, ndipo zulia liitwe. Kwenye ngazi ya upana wa mita moja, kipande cha sentimita 70 huacha sentimita 15 za mbao kila upande, na mbao hiyo inayoonekana ndiyo inayolionyesha jicho umbo la kidato. Kwa ngazi niliyoitolea mfano, yenye vidato 16 (kimo cha 17 huishia kwenye sakafu ya juu), mita 2.2 tu za roli la upana wa mita 4 hutoa vipande vinne vya sentimita 70, kila kimoja kikifunika vidato vinne, maungio yakafichwa kwenye pembe ya ndani chini ya ukingo. Na bado kinapatikana kipande cha tano cha akiba. Kingo za vipande zishonwe zisifumuke. Kabla ya kukata, pitisha kiganja juu ya zulia ujue manyoya yanalalia upande gani, kisha vipande vyote vilalie upande wa chini ya ngazi, maana hivyo ndivyo yanavyochakaa polepole. Vikazwe kwa fito za shaba au za chuma zinazoingia kwenye pembe ya kila kidato, ambazo hufunguliwa kwa bisibisi. Fito zikilegea zikazwe siku hiyohiyo, kwa sababu zulia linalosogea ngazini ni baya kuliko kutokuwa na zulia. Siku ya jua, kipande kinafunguliwa, kinapelekwa kambani, na cha akiba kinaingia mahali pake.

Watu husema mbao ni ghali, na siku ya kununua ni kweli. Lakini ngazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Vidato 16 vya upana wa mita moja, kila kimoja kikiwa na kina cha sentimita 28 na ukingo wa sentimita 3 uliotokeza mbele, vinahitaji mita za mraba tano tu za mbao, mbali na upotevu wa kukata. Ukuta wa kimo, yaani uso uliosimama kati ya kidato na kidato, unaweza kupigwa plasta na rangi bila hasara yoyote. Ubao wa sentimita 2.5 unaweza kupigwa msasa na kupakwa upya mara kadhaa katika maisha yake, wakati zulia la kugandishwa huanza kupara kwenye ukingo wa kidato, mahali pamoja penye kazi kubwa, na likipara hapo limekwisha lote hata kama pembeni bado ni jipya.

Sauti ni hoja ya kweli lakini si kubwa. Mbao hulia kwa sababu ubao unasuguana na msumari au na zege. Ukitumia skrubu na gundi badala ya misumari, kilio hicho hakianzi. Mshindo wa miguu ya watoto hubaki, na kipande chembamba cha zulia huupunguza kwa kiasi cha kuridhisha.

Kwa shangazi tulilibandua zulia mwezi wa Agosti, hewa ikiwa imetulia. Sponji ilikuwa imegeuka unga wa manjano, na chini yake, kwenye zege, kulikuwa na duara nyeusi za kuvu kwenye vidato vyote vilivyo karibu na bafu, pamoja na mchanga wa pwani wa kutosha kujaza kopo la maziwa. Fundi alishika tindo na nyundo siku nne, akipunguza sentimita mbili na nusu juu ya kila kidato, ili mbao ya mtiki ikija irudishe kimo kilekile cha 17 na nusu kutoka chini hadi juu. Shangazi alilalamikia vumbi siku zote nne, akampikia fundi siku zote nne. Mbao zilikaa kivulini uani hadi Desemba, ndipo zikapigwa skrubu, zikapakwa vanishi isiyong'aa, zikawekewa utepe mweusi ukingoni. Zulia jembamba alilikataa kwanza, kisha akalikubali kwa ajili ya wajukuu, kwa sharti kwamba alichague mwenyewe na kwamba liwe linatoka Ijumaa ya kila mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimelala sebuleni alfajiri aliposhuka mara ya kwanza bila kuwasha taa. Nilisikia nyayo zake, zimelowa kidogo, zikihesabu vidato kwa mwendo mmoja hadi cha mwisho, na sikuusikia mkono ukigusa ukuta.